Katibu Aliyefutwa Daftarini

Kiwanda kilitengeneza glovu za mpira. Mgeni akiingia mara ya kwanza, hushtuka. Mikono ya kauri, mamia kwa mamia, hupita juu ya vichwa vya watu ikiwa imefungwa kwenye mnyororo. Ni myeupe. Vidole vyake vimenyooka. Inashuka, inachovywa kwenye birika la mpira wa majimaji, inainuka ikidondosha matone. Kisha inaingia tanurini polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaokwenda mahali wasipopajua.

Mama Pacha alikuwa ameshazoea. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa pale. Kazi yake ilikuwa kutafuta matobo. Alichukua glovu, akaivisha kwenye bomba la upepo, akabonyeza pedali kwa mguu. Glovu ilivimba ikawa mkono. Kama ilikuwa na tobo, mkono ulinywea taratibu huku ukitoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Huo aliutupa pipani.

Mumewe alifanya kazi kiwanda hichohicho. Alikuwa fundi wa mnyororo. Nyumbani walimwita Baba Pacha, kwa ajili ya binti zao wawili mapacha, wenye miaka saba. Kazini walimwita Katibu, kwa sababu wafanyakazi walimchagua awe katibu wa tawi la chama chao.

Tawi lenyewe lilikuwa changa. Lilizaliwa kwa sababu ya harufu. Glovu zikitoka tanurini huoshwa kwa klorini, na chumba cha kuoshea hakikuwa na feni hata moja. Wanawake wa chumba kile walikohoa kazini, wakakohoa njiani, wakakohoa mpaka kitandani. Wawili walianguka na kuzimia. Waliomba feni, wakaambiwa wavumilie. Ndipo wakaunda tawi, wakaliandikisha kwa Msajili wa Vyama, wakapewa cheti namba arobaini na mbili.

Katibu alimwandikia meneja barua. Akaandika ya pili. Hakujibiwa. Ya tatu ilisema kwamba wafanyakazi wanataka mazungumzo, na wakikataliwa watafuata taratibu za kisheria za kugoma.

Barua hiyo ilipelekwa Jumatatu. Jumanne, saa nne asubuhi, wanaume wawili waliingia ukumbini. Walivaa mashati yaliyopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Mama Pacha aliwaona wakisimama chini ya mnyororo, wakazungumza na mumewe kwa upole. Mumewe aliweka spana mfukoni. Akamtazama mkewe kwa mbali, akainua kidole kimoja, kama kusema, "Dakika moja tu."

Wakatoka naye kwa mlango wa stoo. Mlango ukafungwa. Mnyororo haukusimama.

Jioni, zamu ilipokwisha, Mama Pacha alimngoja langoni. Watu walipita mpaka wakaisha. Akamwendea mlinzi, mzee mmoja mpole aliyekuwa akitaniana na Katibu kila asubuhi.

"Shikamoo, baba. Katibu ameshatoka?"

"Marahaba. Katibu gani?"

"Baba nawe, utani wako hauishi! Mume wangu. Fundi wa mnyororo."

Mzee alitazama nyuma ya bega lake, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Hapa hatuna fundi wa namna hiyo, binti yangu," alisema. "Nenda nyumbani."

Mama Pacha alirudi kwenye ubao wa kadi, zile kadi ambazo kila mfanyakazi hugonga saa anapoingia na kutoka. Kadi ya mumewe ilikuwa safu ya tatu, ya nne kutoka kushoto. Sasa pale palikuwa na kadi ya mtu mwingine. Kadi zote zilizofuata zilikuwa zimesogezwa nafasi moja. Hakukuwa na pengo. Hilo ndilo lililomtia baridi mwilini: hakukuwa na pengo.

Kesho yake alimwendea msimamizi wa zamu.

"Mume wangu hakulala nyumbani."

"Pole sana, mama. Mambo ya ndoa hayo, mimi siyaingilii."

"Alichukuliwa hapahapa. Wewe ulikuwepo."

Msimamizi alifungua daftari la wafanyakazi. Akapitisha kidole kwenye majina, taratibu, kama mtu anayesoma kwa moyo safi. "Hayupo," alisema. "Hajawahi kuwepo."

Karibu na maliwato palikuwa na ubao wa matangazo. Siku tawi lilipozinduliwa, wanachama walipiga picha ya pamoja, wakaibandika pale. Katibu alikaa katikati, anacheka. Mama Pacha alikwenda kuitazama. Ubao ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, kipande tu, ukubwa wa picha. Alipogusa, rangi ilikuwa bado mbichi. Kidole chake kikarudi cheupe kama vile vya kwenye mnyororo.

"Jamani," aliwaambia wenzake wa mezani, "mmemwona Baba Pacha? Semeni tu."

Wote walikanyaga pedali kwa pamoja. Mikono kumi ikavimba mezani, vidole juu.

Alikwenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho. Akageuza kitabu cha matukio, akakisogeza mbele yake. "Soma mwenyewe. Hakuna aliyeletwa hapa kwa jina hilo." Kisha akauliza kwa sauti ya huruma: "Kwani una hakika umeolewa, mama?"

"Nina cheti cha ndoa!"

"Vyeti siku hizi vinatengenezwa."

Mama Pacha alipaza sauti. Alitaja majina yote matatu ya mumewe, mara mbili, mpaka watu waliokaa kwenye benchi wakageuka. Askari akafunga kitabu.

Akaenda kwa Msajili wa Vyama. Karani alimwonyesha orodha ya matawi yote. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na tatu.

"Na arobaini na mbili?"

Karani alitazama karatasi, akamtazama yeye, akatazama mlango. "Hakuna namba hiyo," alinong'ona. "Tafadhali, dada, usirudi tena."

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi, alipata mgeni mchana Mama Pacha akiwa kazini. Kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa. Alisalimia kwa adabu. Alikaa kwenye kiti, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema, "Bibi, mwanao amesafiri. Ukiulizwa, sema amesafiri. Wajukuu zako ni wazuri. Nimewaona wakitoka shule."

Tangu siku hiyo Bibi alisema, "Amesafiri." Aliwaambia majirani, akaiambia sufuria, akauambia ukuta. Alizikunja nguo zote za mwanawe, akaziweka kwenye sanduku, akafunga. Mapacha nao wakaacha kumtaja. Siku moja asubuhi, wakati wa kuchana nywele, mmoja wao aliuliza:

"Mama, Baba alikuwa na ndevu?"

Chanuo likamponyoka Mama Pacha. Kwa nukta moja, moja tu, hakuweza kukumbuka. Alikaa kitandani na kujiuliza kama kichwa chake bado ni kizima. Mtu mmoja akisema jambo, na dunia nzima ikisema halipo, nani mwenye wazimu?

Ikapita wiki ya tatu. Mchana mmoja, mezani kwake, alichukua glovu kama kawaida, akaivisha kwenye bomba, akakanyaga pedali. Mkono ulivimba. Kwenye kiganja palikuwa na alama za kalamu. Kadiri mpira ulivyotanuka, alama zikakua, zikawa herufi:

NENDA SHIRIKISHO. GHOROFA YA PILI. ULIZA BI NUKTA.

Aliinua macho. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Akatoboa glovu kwa pini ya nywele. Mkono ukashusha pumzi, herufi zikajikunja. Akaitupa pipani, akachukua nyingine.

*

Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi lilikuwa kwenye jengo la zamani, juu ya duka la vioo. Bi Nukta alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Alishughulikia mambo ya sheria. Jina la utani alilipata kwa sababu ya tabia moja: mtu akimweleza jambo, alimkatiza kila baada ya sentensi. "Hapo weka nukta," alisema. "Jambo moja, sentensi moja."

Alimpa Mama Pacha kiti na chai. Kisha akafungua daftari.

"Anza na jina lake."

Mama Pacha alitaja majina yote matatu. Bi Nukta aliyaandika kwa herufi kubwa, akamwonyesha. "Ni sawa hivi?"

Mama Pacha alitazama jina la mumewe kwenye karatasi. Ilikuwa wiki tatu tangu alipoliona limeandikwa popote. Machozi yakamtoka.

"Lia, mwenzangu," Bi Nukta alisema. "Ukimaliza tuendelee."

Mama Pacha alijifuta, akaanza kumwaga kila kitu. "Wamemuua! Wametesa watu wote pale! Meneja aliwaagiza! Andika hivyo, halafu usiweke jina langu."

Bi Nukta aliweka kalamu chini.

"Umeona maiti?"

"Hapana."

"Umemsikia meneja akiagiza?"

"Hapana. Lakini inajulikana!"

"Tukiandika jambo moja ambalo hatulijui, watalishika hilo, watalibomoa, na yale kumi ya kweli yataanguka nalo. Niambie ulichokiona kwa macho yako. Siku gani. Saa ngapi. Mlango upi."

Wakaanza upya. Jumanne. Saa nne asubuhi. Wanaume wawili. Mlango wa stoo. Weka nukta.

Walipomaliza, Bi Nukta alieleza watakachofanya.

"Kwanza, wakili wetu anakwenda Mahakama Kuu leo. Anaomba jaji aamuru polisi wamlete mtu waliyemshika, au waeleze yuko wapi. Pili, tunaiandikia Wizara ya Kazi. Tatu, tunapeleka malalamiko nje ya nchi."

"Nje? Wapi?"

"Kwenye Shirika la Kazi Duniani. Humo kuna Kamati ya Uhuru wa Kujumuika. Kazi yake ni kupokea malalamiko kuhusu haki za vyama: watu wamezuiwa kuunda chama, viongozi wamekamatwa, wanachama wamefukuzwa kazi, tawi limefutwa. Haya yako yote."

Mama Pacha alitikisa kichwa. "Mimi nani hata niandike huko?"

"Wewe peke yako hawakupokei, na mimi peke yangu hawanipokei," Bi Nukta alijibu. "Malalamiko lazima yatoke kwenye jumuiya: chama cha wafanyakazi, au cha waajiri. Nao wana haki hiyo. Shirikisho letu litaandika na kusaini. Barua isiyo na saini haishughulikiwi. Lazima pia iwe na ushahidi."

"Na meneja ataitwa huko?"

"Hapana. Hapo wengi hukosea. Malalamiko ni dhidi ya serikali. Kiwanda kinaweza kuvunja haki, ila mwenye wajibu wa kuzilinda ndani ya nchi ni serikali. Kwa hiyo ndiyo inayoulizwa."

"Serikali ikisema haikusaini mikataba yao ya haki za vyama?"

"Nchi ikijiunga na Shirika, imekubali uhuru wa kujumuika. Kamati inaweza kuuliza hata kama nchi haijaridhia ile mikataba."

"Hao wajumbe ni kina nani? Wazungumzaji tu?"

Bi Nukta alicheka kidogo. "Wanatoka pande tatu. Serikali, waajiri, wafanyakazi. Mwenyekiti hana upande. Hukutana mara tatu kwa mwaka. Lakini mtu akinyimwa uhuru wake, au maisha yake yakiwa hatarini, kesi hiyo hushughulikiwa kwa haraka kuliko nyingine."

"Watakuja na polisi wao wamtoe?"

Bi Nukta alivua miwani. "Sitakudanganya. Hawana polisi. Hawana jela. Hawatozi faini. Wanauliza, kwa maandishi, mbele ya dunia. Wanatoa mapendekezo. Kisha wanauliza tena yametekelezwaje. Waliomchukua mumeo wanataka asiwepo. Sisi tunataka serikali ilazimike kuandika jina lake kwenye jibu."

Mama Pacha aliweka kikombe cha chai mezani, akasema, "Jina langu liweke."

"Fikiri kwanza. Serikali itapewa nakala. Jina lisilo la lazima hatuliweki."

"La kwangu ni la lazima. Mimi ndiye niliyemwona akitoka."

*

Ushahidi ulipatikana kwa shida. Kadi hakuna. Picha hakuna. Bi Nukta alihitaji kitu cha kuonyesha kwamba tawi lilikuwepo.

Mama Pacha aliingia chumbani kwa Bibi.

"Mama, karatasi za Baba Pacha ziko wapi?"

"Amesafiri," Bibi alisema.

"Najua, mama. Karatasi zake."

Bibi alitazama dirishani kwa muda mrefu. Kisha akainua godoro. Palikuwa na cheti cha usajili, namba arobaini na mbili, chenye muhuri. Chini yake palikuwa na kumbukumbu za kikao cha usalama kazini, zimesainiwa na watu wawili: meneja na Katibu.

"Nimelalia hizi tangu siku ile," Bibi alisema. "Mgongo wangu unauma."

Shahidi wa pili alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee aliyesimamia tanuri, mtu wa maneno machache. Wote walimwita Mzee Tanuri. Alipanda ngazi za Shirikisho akihema, akakaa, akavua kofia.

"Ile glovu niliandika mimi," alimwambia Mama Pacha. "Niliandika kwa kujificha. Samahani kwa mwandiko."

"Ulisomeka, baba."

"Niliwaona wakimpitisha stoo. Walimfunika kichwa kwa mfuko wa kufungia glovu. Nimeshindwa kula tangu siku hiyo." Akamgeukia Bi Nukta. "Andika. Mimi nabakiza mwaka mmoja kustaafu. Watanifanya nini?"

Bi Nukta aliandika. Akamsomea sentensi moja moja. Mzee Tanuri akasaini, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Malalamiko yalipelekwa yakiwa na kurasa sita na viambatisho vinne. Katibu mkuu wa Shirikisho alitia saini. Baada ya hapo wakangoja.

Kungoja kulikuwa kugumu. Mama Pacha alihamishwa meza, akawekwa peke yake, ameelekea ukutani. Nyuma yake alisikia glovu zikinywea moja baada ya nyingine, na kila mara alidhani ni mtu anayempumulia shingoni. Gari jeupe lilianza kuegeshwa mbele ya nyumba, injini imezimwa, vioo vyeusi. Mahakamani, wakili wa serikali alisimama akasema polisi hawamjui mtu huyo. Jaji alitazama cheti, akatazama kumbukumbu zenye saini, akawaambia wakatafute tena.

Kisha, wiki ya sita ya kungoja, mwanamume mmoja alibisha hodi jioni. Alibeba faili la Wizara ya Kazi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi.

"Nyumbani kwa fundi wa mnyororo?" aliuliza, akataja majina yote matatu.

Mama Pacha alishika fremu ya mlango. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kulitaja jina hilo mbele yake.

"Ndiyo. Mume wangu."

"Tumeulizwa," yule mtu alisema. "Kutoka nje. Wamemtaja kwa jina, na siku, na saa. Wametaja mpaka namba ya tawi. Tunatakiwa kujibu. Nami siwezi kujibu kwamba hayupo, wakati cheti cha tawi lake kina muhuri wa Msajili wetu." Alipangusa jasho. "Mama, naomba unieleze. Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

Mama Pacha alimweleza, sentensi moja moja.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, polisi walimfikisha Katibu mahakamani. Yule mtu ambaye hajawahi kuwepo sasa alikuwa anashtakiwa kwa kuharibu mnyororo wa kiwanda. Mama Pacha alicheka kwa sauti, mle mahakamani, akakemewa. Hakuweza kujizuia. Mumewe alikuwa kizimbani. Amekonda. Na alikuwa na ndevu, ndefu, za kijivu.

Jaji akaamuru aachiwe kwa dhamana siku hiyohiyo.

Nyumbani hakuzungumza mpaka chai ilipopoa. Mapacha walimtazama kutoka nyuma ya mlango. Mkewe alimwita, "Baba Pacha," asiitike. Akamwita tena. Ndipo akageuka, kama mtu anayesikia sauti kutoka mbali.

"Mle ndani waliniita Saba," alisema. "Nilikuwa Saba tu."

"Ulikuwa wapi?"

"Kituoni. Nyuma ya kaunta kuna chumba hakina dirisha." Alizungusha kikombe mezani. "Nilikusikia siku uliyokuja. Nilisikia ukilitaja jina langu mara mbili. Nikasikia askari akisema hakuna mtu kama huyo. Mama Pacha, nilikaa pale gizani nikajigusa uso kuhakikisha."

Mkewe alimshika mikono. Ilikuwa ya moto. Akaishika mpaka mapacha wakatoka nyuma ya mlango.

*

Kesi ya mnyororo haikufika mbali. Mzee Tanuri alileta daftari lake la joto. Kila nusu saa huandika joto la tanuri, na kama mnyororo umesimama huandika pia. Siku ile na wiki ile nzima mnyororo haukusimama hata dakika. Mashtaka yakaondolewa.

Miezi kadhaa baadaye Bi Nukta alipokea ripoti ya Kamati. Aliwaita wote ghorofa ya pili, akawasomea polepole. Kamati ilisikitishwa na kukamatwa kwa kiongozi wa chama kwa sababu ya kazi zake za chama. Iliiomba serikali irudishe usajili wa tawi. Ihakikishe Katibu anarudishwa kazini. Ihimize mazungumzo kati ya tawi na kiwanda. Ifanye uchunguzi huru kujua nani alimshika na kwa amri ya nani. Na iijulishe Kamati kila hatua.

"Wameomba tu?" Mzee Tanuri aliuliza.

"Wameomba," Bi Nukta alisema. "Na wataendelea kuuliza."

Serikali haikutekeleza yote kwa mkupuo. Usajili ulirudi mwezi wa pili baada ya ripoti. Kwenye orodha ya Msajili, arobaini na mbili ikaonekana tena katikati ya arobaini na moja na arobaini na tatu. Katibu alirudishwa kwenye mnyororo wake mwezi wa nne, baada ya Wizara kumwandikia meneja mara tatu. Mazungumzo yakaanza. Feni nne zilifungwa kwenye chumba cha kuoshea, na kikohozi kikapungua. Meneja hakuomba radhi. Hajaomba mpaka leo.

Mkutano wa kwanza wa tawi ulifanyika kwenye bwalo la chakula, mchana, milango wazi. Watu walikuja mmojammoja wakitazama chini. Wale wa meza ya matobo walimkumbatia Mama Pacha na kulia. Hakuwauliza kitu. Alijua hofu ilivyo.

Mlinzi wa langoni alikuja mwisho. Alisimama mbele ya Katibu, kofia mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Waliniambia nisikuone."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita." Mzee aliikunja kofia. "Nilikuona kila asubuhi. Ule muda wote. Watu wakiingia zamu, nawe unaingia katikati yao, spana mfukoni. Nakusalimu, huitikii. Nikigeuka, hupo."

Katibu alivuta kiti kando yake.

"Kaa hapa," alisema. "Leo nimekuja kweli."

Lililobaki lilikuwa uchunguzi. Serikali ilijibu kwamba unafikiriwa. Kamati ikauliza tena. Serikali ikaomba muda. Kamati ikauliza mara ya tatu. Hatimaye jaji mstaafu aliteuliwa kuuongoza, na tangazo likatoka: yeyote anayewajua wale wanaume wawili aje aeleze.

Asubuhi ya siku ya kwanza, Mama Pacha alimkuta Bibi ameshaoga, amevaa nguo yake nzuri, amekaa kitandani na mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa huyo jaji," Bibi alisema. "Ninyi mliwaona kwa mbali, chini ya mikono yenu ile. Mimi mmoja wao alikaa hapa sebuleni, akanywa maji yangu, nikamtazama usoni mpaka akamaliza. Twende kabla jua halijawa kali."